Binti wa marehemu dada yangu anajikata mikono, tumemwombea lakini ndo anazidi kujifungia. Nimsaidieje kama Mkristo?

Mama Mdogo wa Moro

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika saa saba usiku usingizi umekataa na sina mtu wa kumwambia hili jambo ambaye hatamhukumu mtoto au kunihukumu mimi.

Naishi na binti wa marehemu dada yangu, nimemchukua akiwa na miaka tisa sahivi ana kumi na sita, yuko kidato cha tatu bweni, ananiita mama mdogo ila kiukweli ni mwanangu. Ni mtoto mtulivu hana makundi, anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana, mwaka juzi kapata kipaimara. Likizo hii karudi nikaona kutwa nzima yuko na sweta, na joto la Morogoro mnalijua, nikamuuliza akasema anasikia baridi, nikajua malaria, tukapima hamna kitu. Jumamosi iliyopita nikawa namsuka, akanyoosha mkono kunipa kitana, sweta likapanda. Makovu wapendwa. Na mengine bado hayajawa makovu.

Nikamuuliza nani kakufanyia hivi, akanyamaza mpaka nikamaliza upande mzima wa kichwa, alafu akasema ni mimi mwenyewe mama mdogo, naomba usimwambie mtu. Nikalia. Nikamwambia kwani umekosa nini hapa, chakula unakula, ada inalipwa, mama yako angekuona hivi angejisikiaje huko aliko. Najua sasa hivi hayo maneno sikupaswa kuyasema ila yalishatoka.

Kosa kubwa zaidi ni hili. Jumapili nikamshirikisha dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi nikijua anaenda kumbeba kwenye sala kimya kimya. Jumatano wakaja nyumbani watu kama kumi, wakamsimamisha katikati ya sebule, wakampandisha mikono ya sweta ili wapake mafuta, mmoja akawa anakemea roho ya mauti kwa sauti mpaka watoto wa jirani wakaja dirishani. Hakulia, hakusema kitu, alisimama tu kama nguzo. Tangu siku hiyo hali nasi mezani, kwaya kaacha, nikibisha mlango anasema nimelala. Jana nimekuta taulo lina damu.

Mimi ni mtu wa maombi na sitaki kuacha kuomba, ila naona nikiendelea hivi ntampoteza. Hii ni dhambi anayotakiwa kutubu? Ni pepo? Ni ugonjwa wa kupeleka hospitali, na nikimpeleka hawataita polisi? Shule niwaambie au nisiwaambie? Nilimfanya aahidi huku kashika Biblia kwamba hatarudia, akaahidi, na hilo taulo ni la baada ya ahadi.

Simba wa Yuda 7

Pole sana mama, nakuombea usiku huu huu. Ila usirudi nyuma kwa sababu mara ya kwanza haikuzaa matunda. Soma Marko 5, yule mtu wa makaburini usiku na mchana alikuwa analia na kujikata-kata kwa mawe, na Biblia haisemi alikuwa na msongo wa mawazo, inasema alikuwa na pepo. Kinachomkata mtoto siyo mkono wake. Fungeni siku tatu nyumba nzima na yeye afunge, mrudi tena mkiwa na nguvu. Hospitali watampa vidonge vya kulala tu, tatizo litabaki pale pale. Nasema hivi kwa upendo, nimeona wengi wakifunguliwa.

Nesi wa zamu ya usiku

Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya magonjwa ya akili miaka kadhaa, na ni mwanakwaya pia, kwa hiyo sina ugomvi na maombi. Ila tafadhali mtoto ambaye hali chakula usimfungishe siku tatu. Naomba sana kwa hilo.

Kabla ya kujua ni dhambi au ni pepo kuna la usiku huu. Kidonda kikiwa kimeachama, au damu haikomi hata ukigandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi, au kuna kitu amemeza, hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi wala usisubiri mchungaji, chukua bajaji nendeni. Kama ni vidogo, maji safi na sabuni, funika, na kumbuka mara ya mwisho alichoma lini sindano ya pepopunda. Na unapomwosha usihubiri, usihesabu, usiulize kwanini. Mwoshe kama ulivyokuwa unamwosha goti akianguka alipokuwa mdogo.

Alafu muulize, kwa sauti ya kawaida kabisa, mwanangu unawaza kufa? Tumia neno lenyewe usizunguke. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unamwingizia wazo, siyo kweli, anayewaza anapata mahali pa kulitua na asiyewaza atakwambia hapana. Wengi wanaojikata hawatafuti kufa, wanatafuta kupumua, kuna maumivu ya ndani yasiyo na jina na yale ya nje angalau unayaona yanaanzia wapi na yanaishia wapi. Ila pia mtu anayejidhuru yuko karibu na hatari ya kujiua kuliko asiyejidhuru, ndo maana hatulipuuzi na hatuliiti kudeka. Akisema ndiyo anawaza, usimwache peke yake, lala nae chumba kimoja, dawa na sumu na vyenye makali vifungie na umwambie wazi kwamba unavifunga kwa sababu unampenda, asije akaona unamviziavizia, na kesho yake awe mbele ya daktari.

Na siri. Hapo kuna maneno mawili. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote milele, kwa sababu daktari itabidi ajue. Mwahidi kwamba hakuna atakayeambiwa tena bila yeye kujua kwanza.

Polisi: kilichoandikwa kwenye Kanuni yetu ya Adhabu kifungu cha 217 ni kosa la kujaribu kujiua, na hicho kifungu ndicho kinafanya familia nyingi zifiche wagonjwa ndani mpaka inakuwa too late, yaani mpaka tunapokea maiti, nisamehe kwa kusema hivyo. Mtoto anayejikata ili apate nafuu siyo hilo. Kwenye zamu zangu zote sijaona mtoto wa namna hii akitolewa kliniki na pingu. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili, ukishindwa kuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili pale Dodoma, au Muhimbili. Na kuna namba 116, simu kwa mtoto, ni bure, unaweza kupiga wewe au akapiga mwenyewe.

Kovu la zamani

Dada nimesoma nikaacha simu nikaenda nje, nikarudi. Mimi nilikuwa huyo mtoto. Sasa nina miaka thelathini na moja, nina mume na mtoto mmoja, naandika kwa jina ambalo hakuna anayenijua hapa.

Nianze na ile ahadi ya Biblia kwa sababu ndo inaniuma zaidi. Mimi pia niliahidishwa. Unajua kinachotokea? Kabla ya ahadi nilikuwa na huzuni, baada ya ahadi nikawa na huzuni na pia ni muongo mbele za Mungu. Kwa hiyo nikirudia, na nilirudia, sikuwa tena na pa kwenda, siwezi kumwambia binadamu na siwezi kumwambia Mungu. Mwambie tu kwamba ile ahadi umeifuta, wewe ndo uliyemtwisha na wewe unaitua, hadaiwi. Usipofanya kingine chochote wiki hii fanya hicho.

Kwa nini nilikuwa nafanya, siwezi kusema kwa niaba yake, kwangu baba alikuwa amefariki na nyumbani ikawa ni marufuku kulia, kila nikilia wanasema mshukuru Mungu kampumzisha, wewe ni mkubwa wasaidie wadogo zako. Nikajifunza kutolia. Sasa machozi yasipotoka huko yanatafuta pengine. Wakati mwingine ilikuwa ni ganzi tu, sisikii furaha sisikii huzuni, niko ibadani watu wanaimba na mimi naimba na ndani ni kama chumba kilichohamwa. Na binti yako mama yake amekufa akiwa na miaka tisa au chini ya hapo. Kuna mtu ameshakaa nae akamwacha amlilie mama yake? Nauliza tu, silaumu.

Kilichonisaidia ni mama mmoja wa kwaya, tulikuwa tunamwita mama walezi. Aliona, sijui aliona lini. Hakusema kitu mpaka siku moja tukiwa tunachambua mchele wa harusi ya mtu, wawili tu, macho yake kwenye ungo akasema mwanangu najua mikono yako inauma, sitaki unionyeshe, nataka tu ujue kwamba najua na sijamwambia mtu. Akaendelea kuchambua. Nilikaa kama nusu saa ndo nikaanza kuongea, na nikaongea mpaka usiku. Angenikalisha tukaangaliana usoni ningekimbia, nakuhakikishia.

Baadae tukawa na kitu chetu. Ile hali inakuja kama wimbi, inapanda unahisi haitashuka milele lakini inashuka, shida ni zile dakika ishirini thelathini za juu. Akaniambia ikipanda usinieleze, andika neno moja tu, chai. Nikituma chai anapiga simu au anakuja, alikuwa anakaa mtaa wa pili, anabandika maji, tunakunywa, saa nyingine hatuongei chochote anasuka mkeka wake mi nimekaa. Kuna siku nimetuma chai saa tisa usiku akaja na kanga mbili na tochi. Kuna siku sikutuma nikafanya, kesho yake nikamwambia, akaniuliza umeosha? Basi. Hakuniuliza tena kwa nini, hakusema tulikubaliana nini.

Na kitu kingine ambacho sikukijua mpaka nimeshakuwa mkubwa. Mwaka ule kwaya ilikuwa inashona sare mpya, kitambaa kilishanunuliwa na mshono ulishachaguliwa ni mikono mifupi. Ghafla ikabadilika ikawa mikono mirefu, watu wakalalamika joto, yeye akasema ndo inapendeza. Watu wazima arobaini walivaa mikono mirefu mwaka mzima ili mimi nisisimame peke yangu na mikono mirefu. Mpaka leo nikiiona ile picha ya kwaya nalia.

Lingine, asitolewe ushuhuda. Mimi nilipokaa miezi miwili bila kujikata kuna kiongozi alijua akanisimamisha mbele, Bwana amemfungua binti huyu, watu wakapiga vigelegele. Wiki ya tatu nikateleza. Sasa utamwambia nani kwamba umeteleza wakati kanisa zima limeshapiga vigelegele? Hiyo ndo ilikuwa mara mbaya kuliko zote, nililazwa. Huko ndo nikakutana na mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza, na mama walezi alikuja kila kliniki akanisubiri kwenye benchi na kitabu chake cha nyimbo. Kwangu mimi kliniki na kile kitabu havijawahi kuwa vitu viwili tofauti.

Mama Mdogo wa Moro

Kovu la zamani Mungu akubariki, nimesoma nikiwa nimekaa mlangoni kwake. Hapana, hakuna aliyemwacha alie. Siku ya msiba mimi mwenyewe ndo nilimwambia jikaze.

Nesi nitamuuliza hilo swali asubuhi, mwili mzima unanitetemeka lakini nitauliza.

Mchungaji mstaafu, Nyanda za Juu

Mwanangu, amani iwe kwako. Nimechunga sharika miaka thelathini na nne na nimewahi kufanya hilohilo lililofanyika sebuleni kwako, kijana mmoja, miaka ya tisini, nilimwita mbele ya watu nikidhani ninamsaidia. Alihama kanisa na mpaka leo sijui kama aliendelea kumwamini Mungu. Kwa hiyo naandika kama mtu mwenye deni.

Ndugu Simba wa Yuda ameitaja Marko 5 na ni vema ameitaja, tuisome basi yote. Kabla Yesu hajafika, kijiji kilikuwa na njia yake ya kumsaidia yule mtu, mstari wa nne unasema walimfunga mara nyingi kwa pingu na minyororo. Ilishindikana, akaachwa makaburini. Alipokuja Yesu kulikuwa hakuna umati pale, wenye nguruwe wako mbali, watu wa mjini wanakuja baadae kabisa. Na Yesu anamuuliza, jina lako nani? Mtu ambaye kwa miaka watu walikuwa wanamkimbia au kumkamata, anaulizwa jina. Alafu watu wa mji wanapofika wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Amevaa nguo. Luka anatuambia huyu mtu alikuwa hajavaa nguo siku nyingi. Sasa ile nguo ilitoka wapi huko makaburini? Biblia haisemi, ila mimi naamini kuna mmoja katika wale waliotoka kwenye chombo alivua vazi lake akampa. Uponyaji wa yule mtu uliishia kwa kufunikwa. Kwa binti yako sisi tulianza kwa kumpandisha mikono ya nguo.

Umeuliza ni dhambi? Najua andiko utakaloambiwa ni 1 Wakorintho 6, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ni neno la kweli, lakini pale Paulo alikuwa anawaambia watu wa zinaa, siyo mtoto anayeomboleza, na ukimwambia huyu binti mwili wako ni hekalu, yeye anachosikia ni kwamba hata hekalu nimelibomoa. Wengine watakuletea Walawi 19:28, chale, ile ni desturi ya kuchanja kwa ajili ya wafu. Mimi sikwambii kwamba kujikata ni jambo jema, Mungu hapendi mtoto wake aumie. Nakwambia mlango wa kuingilia siyo huo. Isaya anasema juu ya Mtumishi wa Bwana kwamba mwanzi uliopondeka hatauvunja wala utambi utokao moshi hatauzima. Utambi unaotoa moshi unaukinga upepo kwa viganja, hauupulizii.

Msomee Zaburi ya 88, au mwachie tu Biblia imefunguliwa hapo. Ni sala ya mtu ambaye haimalizii kwa shangwe, inaishia gizani, na bado iko ndani ya Biblia. Vijana wengi wanadhani Mungu anapokea sala zenye mwisho mzuri tu. Akijua kuna sala kama yake imeandikwa, anaweza akaanza kusali tena kwa maneno yake.

Na nenda kamwombe msamaha. Wewe mwenyewe, na ikiwezekana yule dada uliyemshirikisha aje siku nyingine peke yake, bila mafuta, akaombe msamaha pia. Mtu mzima akimwomba mtoto msamaha ndipo mtoto anaanza kuamini kwamba toba siyo kitu cha kumtishia yeye tu.

Mjukuu wa Shosho, Nakuru

Poleni sana mama. Huku Kenya hii maneno iko sana mashuleni na pia sisi wazazi wetu walikuwa wanatuambia ni tabia tu ya watoto wa mjini. Nasomea ushauri nasaha sasa hivi, mwaka wa mwisho, na kuna mtu mmoja ningependa umjue kwa sababu ya hapo umeuliza kama ni hospitali ama ni maombi. Anaitwa Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani. Huyu mama ndiye alianzisha tiba moja inaitwa DBT ambayo hutumika sana kwa watu wanaojidhuru, inawafunza vile mtu anaweza kaa na hisia kali bila kujiumiza, kuitaja hiyo hisia kwa jina, kungoja ishuke, kuomba usaidizi. Miaka mingi watu walimjua tu kama profesa. Mwaka wa 2011 ndio alijitokeza akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe akiwa msichana wa miaka 17 alilazwa hospitali ya akili huko Hartford zaidi ya miaka miwili, na alikuwa akijikata na kujichoma, makovu ako nayo mikononi. Na yeye ni Mkatoliki, alieleza vile siku moja mwaka wa 1967 alikuwa amepiga magoti kwenye kanisa dogo Chicago, akasikia amependwa na Mungu kwa njia hajawahi kusikia. Alikuwa ameshamwahidi Mungu kwamba akitoka kwenye hiyo jehanamu atarudi kutoa wengine. Hiyo tiba ndiyo kurudi kwake. Sasa mtu akikuambia uchague kati ya sayansi na Mungu, mwambie huyu mama hakuchagua.

Kuhusu polisi, sisi pia tulikuwa na hiyo sheria ya kuadhibu mtu akijaribu kujiua, kifungu cha 226, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema inaenda kinyume na Katiba. Ombeni na kwenu pia. Kama kuna Mkenya anasoma hii na ako kwa hali kama hiyo, 116 ni ya watoto hapa pia, na kuna Befrienders Kenya, hao wanasikiliza tu, hawakuhukumu.

Simba wa Yuda 7

Nimesoma yote. Mchungaji, ule mstari wa minyororo nimeusoma mara nyingi na sijawahi kusimama hapo. Bado naamini kuna vita ya kiroho, siwezi kusema vinginevyo. Ila lile la kufunga kwa mtoto ambaye hali, nalirudisha, nisamehe mama.

Swali kwa nesi, na siulizi kwa ubishi, nina mdogo wangu nyumbani ananitia wasiwasi. Mtu akikataa kabisa hospitali mnafanyaje?

Nesi wa zamu ya usiku

Simba wa Yuda, ahsante kwa kuuliza. Usimvute kwa nguvu labda iwe maisha yake yapo hatarini usiku huo. Wengi wanaogopa neno lenyewe, wanajua ukienda hapo umeshaitwa kichaa. Mwambie twende mara moja tu, ukae umsikilize, usipopenda tutatafuta mwingine. Uende nae, ubaki nje kama anataka ubaki nje. Mwingine anaanza na daktari wa kawaida kwa ajili ya kukosa usingizi tu, na hapo mazungumzo yanaanzia. Na wewe mwambie mdogo wako leo hii kwamba umemwona, usisubiri upate maneno mazuri.

Mwalimu wa unasihi

Kuhusu shule: mwambie mtu mmoja, siyo shule. Uliza kama kuna mwalimu wa unasihi au matroni ambaye binti mwenyewe anamwamini, binti ndo aseme ni nani, na uongee na huyo tu ana kwa ana. Usiandike barua ofisini. Nimeona shule moja mwanafunzi kama huyu akatajwa paredi kama mfano wa kukemea, na baada ya hapo tukawa na wanne bwenini badala ya mmoja. Mambo haya yakipigiwa kelele huwa yanaambukizana. Na uliza taratibu kuna nini huko bweni, saa nyingine kuna mtu anamwonea au kuna mwalimu anamsumbua na mtoto hawezi kutaja. Usifikiri moja kwa moja ni msiba wa mama tu.

Mama Mdogo wa Moro

Wapendwa nimerudi, ni siku ya nne leo, samahani kwa ukimya.

Asubuhi ile nilibisha nikasema sijaja kukuuliza kitu, nimekuja kuomba msamaha. Akafungua kidogo. Nikakaa chini sakafuni maana miguu ilikuwa haina nguvu, nikamwambia nilikosea kusema uliyonikataza nisiseme, nilikosea kuwaacha wakushike, na ile ahadi naifuta, mimi sikudai na Mungu hakudai. Akauliza nani mwingine anajua. Nikamtajia wote, mmoja mmoja, sikuficha. Akahesabu kwa vidole. Alafu nikamuuliza lile swali, unawaza kufa, sauti ikakatika katikati lakini nikamaliza. Akasema zamani mwezi wa tatu ndiyo, sasa hivi siyo kufa, ni kwamba anachoka. Nikamwosha mkono. Sikusema kitu, nilikuwa nauma meno.

Jana tumeenda hospitali ya mkoa, tumekaa foleni toka saa mbili, daktari ni kijana mdogo ila ana utulivu, alikaa nae peke yake karibu saa nzima, ametupa tarehe ya kurudi Alhamisi na amesema tutakuwa tunarudi kila wiki kwanza. Akitoka akaniambia mama mdogo kumbe ana maswali ya kawaida tu.

Bweni kuna kitu, Mwalimu wa unasihi ulisema kweli, ameanza kunieleza nusu, siwezi kukiandika hapa. Nitaenda kwa matroni Jumatatu, yeye ndo kachagua ni matroni.

Jana usiku tuliangalia picha za mama yake, zile za albamu ambazo nilizificha juu ya kabati nikijua namwepushia maumivu. Kalia. Miaka saba sijawahi kumwona analia, mara hii alilia mpaka akalala kwenye mapaja yangu na mimi nikaacha, sikumwambia jikaze.

Kwaya bado hataki na simlazimishi. Ibada pia. Nimeacha Biblia mezani kwake kwenye Zaburi ile ya 88, sijui kama ameisoma, leo nimeikuta imefunikwa na kuna kipande cha uzi wa kusukia katikati kama alama.

Ile ya neno moja nilimwambia juzi, aliguna tu sikujua kama amekubali. Sasa hivi naandika hapa ni saa tano na nusu, simu imeingia ujumbe wake kutoka chumba cha pili. Ameandika chai. Ngojeni nikabandike maji.